Kicheko Kilichochelewa

Dobi alipanda jukwaani roho juu. Watu wa mtaa wake wa bondeni walikuwa wamemtuma kwenye mkutano huu wa nchi nyingi aseme jambo moja tu: mipango ya kuzuia mafuriko isipangwe tena bila wao. Ukuta wa kwanza ulijengwa bila kuwauliza, na maji yakageukia nyumbani kwake.

"Habari zenu, ndugu zangu," alisema, akanyamaza.

Katika mikutano ya mtaani, mgeni husema kidogo, akangoja mkalimani atafsiri. Naye alingoja kwa adabu. Ukumbi nao ukamngoja. Taa ya kupimia muda wa msemaji, iliyokuwa mezani kwa mwenyekiti, ikageuka njano.

"Dada, umeganda nini?" mdogo wake alipaza sauti kutoka viti vya nyuma, akinyooshea kidole kifaa alichovaa sikioni. "Tafsiri wanaipata humu humu! Mwaga!"

Dobi akacheka, akamwaga. "Basi sikieni! Mimi maji ndiyo kazi yangu, lakini sijawahi kuyaalika yaje kulala kitandani kwangu! Safari hii tunataka viti penye meza ya kuamua!"

Kimya. Akadhani ameharibu. Kisha kicheko kikaanzia kulia, kikavuka katikati, kikafika kushoto, kila lugha kwa zamu yake, na makofi yakafuata. Taa ikawaka nyekundu. Mwenyekiti akaifunika kwa kiganja.

"Endelea, mama," alisema. "Na ukimaliza usirudi nyuma. Kamati ya kuandika azimio inakaa hapa mbele, na kiti chako kipo."