Kiangazi Ambacho Baba Hakupanda Treni ya Bukama

Harufu ya mawese yaliyopashwa moto na kitunguu saumu bado inanisumbua. Nikiinusa kwa jirani tu, miguu yangu haitulii. Hiyo ilikuwa harufu ya baba yangu Jumapili baada ya misa, ameketi kwenye kigoda nyuma ya nyumba yetu pale Kamina, akijikanda magoti, maana golikipa bila magoti ni nani? Siku za kazi alikuwa fundi wa mabehewa, lakini siku hizo hazikumhusu sana. Kiangazi kile timu yake ya mtaa wa reli, tuliyoiita Nyundo, ilikuwa inaongoza ligi kwa mara ya kwanza, na mtaa mzima ulikuwa haulali usingizi mzuri. Vumbi jekundu lilituingia hadi kwenye meno, moshi wa nyasi zilizochomwa ulitanda juu ya mabati, baridi ya asubuhi ilitutoa machozi, na sisi watoto tulikuwa na swali moja tu: Jumapili ni lini?

Mimi na dada yangu Kyungu tulikuwa na cheo katika timu ile, usicheke. Sisi ni mapacha wa kike. Yeye alitangulia, mimi Kabange nikamfuata. Kwetu Waluba mapacha hawachezewi. Ukimpa mmoja chungwa, mpe na mwenzake saa ileile. Wakinuna, nyumba haina amani. Wazazi wao nao wana heshima ya ajabu: watu huwaimbia matusi ya wazi, ya kutia aibu, na wao hawaruhusiwi kukasirika, sharti wacheke au wajibu kwa wimbo. Basi Nyundo iliposhinda mechi ya kwanza sisi tukiwa tumekaa nyuma ya goli la baba, habari zikaenea kwamba ni wale mapasa, yaani mapacha, walioleta ushindi. Tangu hapo tuliwekewa mkeka wetu. Karanga, miwa, ndizi, vyote vilikuja viwili viwili, tukanenepa kwa jasho la wengine.

Mechi ya mwisho ilikuwa Bukama, kule kwenye mto Lualaba, na Bukama walikuwa wanatupumulia kisogoni. Atakayeshinda angechukua kombe. Baba alikuwa amedaka mipira tangu ujana wake bila kugusa kombe lolote, na magoti yale yalishamwambia kwamba hakuna mwaka mwingine. Alijua, na mama alijua. Wiki ile alikula amesimama. Treni ilitarajiwa Ijumaa, haikuja, tukaambiwa subira huvuta heri; heri gani hiyo? Jumamosi asubuhi ikasemekana iko njiani. Na asubuhi hiyohiyo Kyungu akaamka anatetemeka, mwili unachoma, anaita majina ya watu wasiokuwepo. Muuguzi wa zahanati alimchoma sindano, akasema malaria imempanda kichwani, tusimwache hata kidogo.

Kabla ya adhuhuri tukasikia ngoma. Timu nzima ilikuja kutuchukua, mbele yao Mzee Ramazani, mwenyekiti, mfanyabiashara wa vitenge mwenye asili ya Maniema, kanzu yake nyeupe imeshashika vumbi.

"Shamapasa, treni imefika! Leta batoto!" Mzee akaita. Shamapasa ndivyo baba wa mapacha anavyoitwa kwetu.

"Mumoja iko mugonjwa," baba akasema.

Wote wakanitazama mimi. Mmoja akapendekeza niende peke yangu, wenzake wakamfokea: kumchukua pacha mmoja na kumwacha mwingine, si wachezaji watavunjika miguu wote? Mzee Ramazani akakuna ndevu. "Miye ni muislamu, mambo ya mapasa siamini. Lakini tubabebe tu bote babili. Huyu mugonjwa tutamufunika na blanketi, atalala mu treni."

Wakaanza kumwimbia mama zile nyimbo za matusi ili alainike. Mama akatoka na kitambaa cha maji mkononi, akasimama mlangoni. Kukasirika hakuruhusiwa, basi akawajibu kwa wimbo. Loo! Alimwimba mmojammoja, viatu vyake, wakwe zake, na yale ambayo mkewe husema bombani akiteka maji. Wanaume walicheka huku wanarudi nyuma, kila mmoja akiogopa zamu yake. Alipofika kwa Mzee Ramazani akaacha kuimba.

"Wimbo imeisha. Mutoto wangu haendi." Kisha akamgeukia baba. "Weye, kama unataka kwenda, uende. Sikukatazi."

Baba alikuwa na viatu vya mpira begani. Akaenda hadi barabarani. Nilitamani aende alete kombe, na nilitamani abaki. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Alivua glavu zake shingoni, alikokuwa amezifunga kwa kamba, akampa Ilunga, kijana aliyekaa benchi msimu mzima. "Kamata. Usiruke mbiombio." Akarudi ndani.

Jumapili saa ya mechi ilipofika, hakukalika. Baba alizunguka uani, akaingia kumpangusa Kyungu, akatoka, akainama kama anayesubiri penalti, akajiona, akaona aibu. Jua lilipokuwa linashuka Kyungu akatoka jasho jingi, akafumbua macho, akaomba bukari na samaki. Mama akalia kwa sauti. Baba akasonga ule ugali mwenyewe, ukawa na madonge.

Kwetu treni ikirudi na ushindi, dereva hushika honi tangu mbali. Jumatatu aliishika hadi mbwa wakabweka. Tulikuwa mabingwa! Baba akainua mikono yote miwili juu, akaishusha polepole, akaenda nyuma ya nyumba. Ilunga alikuwa amedaka penalti, na msimu uliofuata goli likawa lake. Nasi wakatubembeleza tusije uwanjani: kumbe mapasa hushinda wakiwa nyumbani! Karanga zikakoma.

Siku hizi vijana wa mtaa wetu wanafuata ligi za Ulaya kwenye simu, matokeo wanayapata kabla jasho la mchezaji halijakauka, hawajui kungoja kunavyokula mtu. Siwaonei wivu, ingawa nami simu haitoki mkononi. Kyungu anaishi Kaniama, ana ng'ombe na mashamba ya mahindi, na sauti yake ni kubwa kuliko ya mwenyekiti yeyote. Noeli iliyopita alikuja kwa pikipiki na wanawe. Yeye akiwa jikoni anagombana nao, nilimuuliza baba jambo ambalo hakuna aliyewahi kuthubutu kumuuliza nyumbani kwetu: alijuta?

"Nilijuta, mama. Mpaka leo ninajuta, sitakudanganya." Akasikiliza kelele za jikoni. "Lakini hii ninaweza kubeba. Ile ingine singeibeba."

"Munasema nini huko?" Kyungu akapaza sauti.

"Mupira tu," baba akamjibu.