Kikombe cha Ukurasa wa Arobaini

Siku yangu ya kwanza kazini nilikwenda na mto wa kukalia. Msicheke. Nilikuwa nimesoma hadi kidato cha nne Unguja, nimezaa, nimelea, na kama kuna jambo nililolimudu sawasawa ni kukaa nyumbani. Niliposikia maktaba moja ya Hayes, magharibi ya London, inatafuta msaidizi, nikaona kazi hiyo imekatwa kwa kipimo changu: ndani, kimya, pana joto, mtu anakaa. Mkutubi Mkuu, bwana mrefu wa sweta moja kwa misimu yote, aliutazama mto, kisha akanitazama mimi.

"Hapa tunakaa saa ya chai," alisema.

Kweli. Miaka ile nilisimama. Nilipiga muhuri wa tarehe, nikasukuma toroli, nikasoma rafu. Kusoma rafu, nyinyi mnaotafutiwa kila kitu na simu, maana yake ni kupita kitabu kwa kitabu kuhakikisha kila kimoja kipo mahali pake. Shingo inalala upande mpaka jioni. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akiniuliza mezani mbona namtazama kama ninayemshuku.

Tulipohamia Walthamstow, upande wa pili wa London, nikahamishiwa Huduma ya Majumbani. Asiyeweza kuja maktaba, maktaba humwendea. Mimi, mtu wa ndani, nikalipwa kupanda ngazi za watu wengine ili wao wabaki ndani. Msimamizi wetu alikuwa mama wa Kigujarati wa Kenton, mzaliwa wa Kisumu, na Kiswahili chake hakikuwa na haya.

"Bi Zuhura," aliniambia asubuhi ya kwanza, "huku wazee hawataki vitabu vya maana. Wanataka Marekani ya kale."

Alikuwa na maana ya riwaya za mapenzi za Kikristo, herufi kubwa, rafu nne nzima. Ukisoma moja umeshaijua ya pili: binti wa mchungaji, kofia imefungwa kidevuni, nyumba ya magogo, mlowezi mgeni mwenye siri, theluji ya kuua mtu, maombi, na busu moja tu, tena mwishoni kabisa. Majalada yote ni binti yule yule amekupa mgongo katika shamba la ngano. Nami, na mtandio wangu, nikawa nabeba mabinti wa wachungaji mkobani kutoka mlango hadi mlango. Binti yangu mwenyewe aliona haya kutembea nami.

Wiki ya tatu, Msimamizi alikwenda likizo. Nilikuwa bado katika muda wa majaribio wa kazi hii mpya na nilitaka arudi aone mtu wa kazi. Nikagundua vitabu vile vimechorwachorwa kwa penseli. Huku nukta chini ya namba ya ukurasa, huku kisamaki, huku kikombe cha chai chenye mkono wake. Na ukutani lilikuwepo tangazo, kwa mwandiko wa Msimamizi mwenyewe: usiandike ndani ya kitabu. Basi nikaketi (hatimaye!) na raba, siku tatu, nikasafisha rafu nne. Nilijipongeza kwa biskuti.

Kati ya wasomaji wangu alikuwepo Mama Wanjiru, Mkenya, muuguzi mstaafu ambaye magoti yalimfungia ghorofa ya tatu, juu ya mtaa mrefu wa soko. Mwanawe Kamau alikuwa akija kila jioni. Mama huyu hakuwa na adabu na mimi hata kidogo, na nilimpenda.

"Wewe Mzanzibari, umepanda ama umebebwa? Unahema hivyo na mimi ndiye mgonjwa."

Miezi miwili baada ya raba yangu, Jumanne moja, hakunitania. Alinishika mkono.

"Zuhura, Mungu ananionyesha vitu. Nasoma kitabu kipya, na kabla sijafika najua daraja litavunjika. Najua farasi atakufa. Kitabu cha kwanza nilisema ni bahati. Sasa ni cha nne."

Kamau alikuwa jikoni. Alinivuta kando. "Amewaambia kanisani anaoteshwa. Jana amenipigia simu kazini akilia, ati labda ni kichwa kinaharibika. Alhamisi mtu wa ustawi wa jamii anakuja kumpima. Wakisema hawezi kukaa peke yake, ni makao ya wazee."

Nikarudi sebuleni. Mama Wanjiru alikuwa amefungua kitabu ukurasa wa arobaini, kidole juu ya nafasi nyeupe. "Nikimaliza kitabu mimi huchora kikombe hapa," alisema. "Angalia. Hakuna. Kwa hiyo sijakisoma. Basi haya nimeyajuaje?"

Ilinipasa kusema hapo hapo. Nilichosema ni kwamba nitamletea vingine, nikashuka ngazi zile kwa kasi ambayo magoti yangu hayajaisahau. Muda wa majaribio, nilijiambia. Nina binti anasoma.

Jumatano asubuhi nilikuwa mbele ya meza ya Msimamizi kabla hajavua koti.

"Nimefuta alama."

"Alama gani?"

"Zote."

Akakaa polepole. "Majalada yanafanana, majina yanafanana," alisema. "Unafikiri mtu wa miaka themanini anajuaje amesoma kipi? Sisi tunajuaje? Yule wa kabla yako alikuwa anaangalia alama ndipo anapakia mkoba. Hizo ndizo kazi yenyewe, Bi Zuhura!"

"Na tangazo?"

"Tangazo ni la wakaguzi." Akavua miwani, akaipangusa. "Kesho nenda kabla ya huyo mtu wa ustawi. Sema mwenyewe. Sitaandika barua yoyote kwa wakubwa mpaka urudi."

Alhamisi nilimkuta mtu wa ustawi keshafika, kijana wa kike mwenye fomu mapajani, na Kamau amesimama nyuma ya kiti cha mama yake kama msindikizaji wa mahakamani. Nikaomba kitabu. Nikakipeleka dirishani, nikauinamisha ukurasa wa arobaini mpaka mwanga ukapita ubavuni. Penseli ilikuwa imetoka, lakini mama huyu alikuwa akikandamiza, na karatasi ilikuwa imebonyea. Kikombe kilikuwepo. Na mkono wake.

"Nilikifuta mimi," nikasema. "Hiki na vingine vyote. Alishavisoma. Nimekuwa nikimletea vile vile."

Kamau alisogea akatazama, akapitisha kidole.

Mtu wa ustawi akamgeukia Mama Wanjiru, akamuuliza, kwa upole, kitabu kile kinaishaje. Akaambiwa. Daraja, farasi na jina la farasi, homa ya mdogo wake yule binti, siri ya mlowezi, hata mahubiri ya Krismasi. Kalamu ikasimama juu ya fomu, kisha akacheka. Alisema mtu aliyekisoma kitabu mara moja zamani na bado analo jina la farasi, yeye hana la kumwandikia hapo.

Tukamtazama Mama Wanjiru, tukisubiri afurahi. Alikuwa ananitazama mimi.

"Kwa hivyo haikuwa Mungu," alisema. "Ilikuwa ni wewe tu."

"Ni mimi tu, mama."

"Kanisani nitawaambia nini?" Kisha akanipa penseli niichonge. Tulikaa alasiri yote, mimi nikiinamisha kurasa dirishani, yeye akifuata mibonyeo, na kila kikombe alichokirudisha kilipotoka nje ya mstari alinilaumu mimi kwa mwanga.

Barua ya Msimamizi haikuandikwa. Niliongezewa miezi mitatu ya majaribio, na daftari la kuandika nani amesoma nini, ambalo nililijaza mpaka mwisho wa kazi yangu. Mama Wanjiru alikaa nyumbani kwake miaka mingi tena, akafia kitandani mwake mwenyewe, kitabu kifuani.

Sasa nimestaafu na nimechoka, tena uchovu ule wa ngazi usioondoka kwa kulala. Wenzangu wa kazi walipotaka kuniaga waliniuliza nataka saa au shuka. Wakati huo rafu nne zilikuwa zimebaki moja, na nayo ilikuwa kwenye toroli la kutupwa, maana hakuna aliyeiazima tena. Nikaomba kitabu kimoja. Walidhani natania.

Nimekisoma kwenye kiti changu, juu ya mto ule ule. Daraja limevunjika, farasi amekufa, nami nimelia kama mjinga, mwanamke mzima wa Kiislamu, kwa ajili ya mahubiri ya Krismasi. Nilipomaliza nilirudi ukurasa wa arobaini. Kikombe kipo, kingo zake mbili mbili kwa sababu ya mwanga wangu. Nikachukua penseli nikakichorea kisahani.