Kitambaa cha Mdomoni Kule Ruponda

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hospitali ya Nachingwea, sikugusa jino hata moja. Bwana Mganga wa Meno, Mwingereza mrefu aliyesema Kiswahili cha polepole, alinikabidhi sufuria, jiko la mafuta ya taa na saa ya mezani.

"Dakika ishirini," alisema. "Usianze kuhesabu ukiona mvuke. Anza maji yakichemka."

Miezi mitatu nilichemsha koleo za kung'olea meno, vioo vidogo vya kutazamia kinywani, na sindano za ganzi, ambazo enzi hizo zilikuwa za kioo na hazikutupwa. Nilidhani ananidharau, kumbe alikuwa akinifundisha nusu ya kazi.

Nilipojua kung'oa nikawa dresa wa meno, yaani msaidizi wa mganga, nikaanza kutumwa vijijini. Mashamba makubwa ya karanga ya Waingereza yalikuwa yameshakufa, ila treni yao ya kutoka Mtwara ilikuwa bado inafika. Ndiyo iliyotuletea yale mafua ya miaka ya hamsini yaliyozunguka dunia nzima. Watu walishuka wakikohoa, na haukupita muda wodi zikajaa.

Bwana Mganga akatuita. "Sisi tunainamia vinywa vya watu kutwa nzima," alisema. "Mgonjwa akikukoholea leo, kesho wewe utamkoholea mwingine."

Akaagiza madirisha yawe wazi, na tunawe kwa sabuni kabla na baada ya kila mgonjwa. Mgonjwa mwenye homa arudi akipona, isipokuwa aliyevimba usaha, na sisi tukiugua tulale nyumbani siku nne. Na kila mmoja wetu afunge puani na mdomoni kitambaa cha marekani, ile pamba nyeupe, hicho ambacho leo mnakiita barakoa. Tulivichemsha kila jioni.

Nikatumwa Ruponda. Nikapanga vyombo barazani kwa jumbe wa kijiji, nikafunga kitambaa changu. Watu waliokuwa wakingoja wakainuka wote, wakarudi nyuma. Nikasikia neno moja likinong'onwa: mumiani. Wengi waliamini kuwa wako watu wanaowanyonya wenzao damu wakaiuze iwe dawa. Na mimi nimesimama pale, uso nimeuficha, koleo mkononi, beseni miguuni! Mwanamume mmoja akaokota jiwe.

Aliyebaki amekaa ni Bibi Somoe, mkulima wa ufuta. Shavu lilikuwa limevimba hadi jicho limefumba. Usaha wa namna ile hushuka shingoni ukaua, nami nilijua.

"Vua hicho," akaniambia.

Nikasogea mbali kidogo, nikavua. "Naitwa Saidi, bibi. Kwetu Chiola. Nafunga ili nisikuambukize mafua."

"Basi nipe na mimi nivae. Kama kinanyonya, kininyonye mbele ya watu."

Nikampa kisafi. Akajifunga, akaizunguka baraza taratibu, akimtazama kila mtu usoni.

"Kinanuka sabuni," akatangaza.

Watu wakaangua kicheko. Yule mwenye jiwe akalitupa, akajifuta mkono kwenye shuka. Nikafunga tena changu, naye Bibi Somoe akakaa, akavua chake, akafungua kinywa kadiri alivyoweza. Jino likatoka, usaha ukafuata, naye akashusha pumzi ndefu, akaniambia, "Ahsante, baba."

Waliofuata nao wakataka vitambaa. Nikawapa waliokuwa wakikohoa, jambo ambalo halikuwemo katika maagizo.

"Vitambaa vimekwenda wapi?" Bwana Mganga aliniuliza niliporudi. Nikamweleza yote. Akasema, "Kashoneshe vingine. Na mkifika kijijini, jitambulisheni kwanza, mjifunike baadaye."

Mimi mwenyewe mafua hayakuniacha. Nililala siku nne nyumbani kama tulivyoamriwa, kisha nikarudi kazini.

Nilistaafu nikiwa Ruangwa, na nimeridhika. Sijui ni wangapi tuliowakinga. Mtu ambaye hakuugua haji kukushukuru. Lakini ninyi mnaoingia kazini sasa, wenye glavu za kutupa na mashine za kuchemshia, nawaomba jambo moja. Mgonjwa anayekufungulia kinywa hawezi tena kusema wala kukuuliza kitu. Mwache aulize kabla.