Salamu Zilizomfichua Tajiri

Siku yangu ya kwanza kazini, kituoni Kibondo, niliripoti na sanduku la bati, sare iliyonyooka, na haraka zangu za Dar es Salaam. Mkuu wa Kituo alinikuta nikimkatisha mzee mmoja salamu ili nimwandikie RB, ile namba ya kumbukumbu ya taarifa yake. Akaniita pembeni.

"Konstebo, una treni ya kuwahi?"

"Hapana, afande."

"Basi msalimie mzee wa watu. Huku ukikatisha salamu, hakuna atakayekuonyesha hata choo kilipo."

Waha, wenyeji wa huko, husalimiana kwa kupiga makofi taratibu, wakiulizana habari za watoto, za shamba, mpaka za ng'ombe. Mdogo ndiye huanza kumpigia mkubwa wake. Nilijifunza, ingawa moyoni niliona ni kupoteza muda tu.

Baada ya vituo vingi na vyeo kadhaa nilipelekwa Kasulu kuwa Mkuu wa Upelelezi wa Wilaya. Bosi wangu, Mkuu wa Polisi wa Wilaya, mwanamama asiyependa porojo, alinisukumia jalada nene.

"Humu yumo mtu anaitwa Tajiri. Bhangi inayopanda malori hapa ni yake, na hatujui hata sura yake. Nitafutie."

Wiki ya pili tulipekua lori. Katikati ya gunia moja la maharage tulikuta bhangi imeshindiliwa. Mwenye gunia alikuwa Mama Editha, mkulima wa Kitanga, mkubwa kwangu kwa miaka kama kumi.

"Afande, gunia ni langu, maarage ni yangu," alisema. "Ayo majani siyajui."

Kila mbebaji husema hivyo. Nilimweka mahabusu kwa saini yangu, nikajiona nimeanza vizuri. Miezi minne ikapita. Mazao yake yaliyobaki yakaozea shambani, na alikuwa anakabiliwa na kifungo kirefu.

Siku moja msiri wetu, raia anayetuletea habari kichinichini, akadokeza kwamba Tajiri hakosi sokoni siku ya gulio. Nikavaa kiraia, nikakaa kwa mama muuza chai, natafuta mtu mwenye gari na saa ya dhahabu. Sikumwona. Nilichokiona ni kijana wa miaka thelathini na kitu, kandambili miguuni, anauza mihogo mikavu. Mzee mwenye mvi akafika mbele yake, akainama, akaanza kumpigia makofi. Nikashangaa. Akaja wa pili, mzee kuliko wa kwanza. Alipofika wa tatu chai yangu ilikuwa imepoa.

"Mama, yule ni chifu?"

Mama akageuza uso. "Kunywa chai yako, mwanangu."

Makofi huwezi kuyapeleka mahakamani. Tukachukua hati ya upekuzi, tukafungua ghala la yule kijana wa mihogo. Magunia ya bhangi yalikuwa yameshonwa midomo kwa uzi wa kijani wa nyavu za ziwani, uzi uleule wa gunia la Mama Editha. Yeye hushona kwa katani. Kielelezo kilikaa stoo yangu miezi minne, nami sikuwahi kumuuliza anashonea nini. Mpakizi wa Tajiri alikiri kwamba walikuwa wakifumua magunia ya watu na kuyashona upya.

Tajiri alifungwa, nami nikapandishwa cheo. Mama Editha nilimfungulia mlango mwenyewe. Nilitaka kumwomba radhi, nikaishia kusema, "Nenda mama, kesi imefutwa." Aibu ile ninayo mpaka leo.

Nimestaafu, nimejenga hapahapa Kasulu. Gulio lililopita nilikutana na Mama Editha uso kwa uso. Kabla sijafungua kinywa aliinama, akaanza kunipigia makofi. Waliokuwa karibu wakatabasamu, waliona heshima. Mimi makofi ya namna ile niliyajulia sokoni palepale, wazee walipompigia Tajiri.

Nikamshika mikono, nikainama. "Mama, ni mimi wa kuanza."

Hakuinua macho. "Ndiyo, afande," akasema.