Maji ya Kufulia

Simu ililia saa moja na dakika kumi asubuhi, nikiwa Masasi. Alikuwa dada yangu mkubwa, anayeishi nje kidogo ya Kitangari. Baada ya shikamoo na marahaba alisema usiku kulinyesha manyunyu, na ukuta wa nyumba yake mpya unamwagika. Nikamwambia ukuta haumwagiki. Akajibu nije nione mwenyewe.

Nyumba ile niliisimamia kwa simu. Ujenzi sikuusomea darasani. Nilijifunza kwa vitabu vya kuazima, baadaye kwa video na programu niliyoipakua. Programu ndiyo iliyopiga hesabu ya matofali, kipimo cha udongo na saruji, na lita za maji kwa kila mchanganyiko. Matofali yenyewe ni yale ya kufungamana, yanayoshindiliwa kwa mashine ya mkono na hayachomwi. Hilo ndilo lililomvuta dada. Kuchoma tofali kunataka kuni, na kuni alizobakiwa nazo ni mikorosho yake.

Nyumba yake ya udongo ilianguka msimu uliopita. Tangu hapo alilala kwenye banda la jiko na wajukuu watatu, chini ya nyasi zinazovuja, na fedha yote ya korosho akaitia kwenye hii mpya. Ilipaswa kuezekwa kabla ya mvua kubwa. Kila jioni fundi alinitumia picha. Nilizikuza, nikakagua mistari na pembe. Sikuona kosa.

Nilipofika nilibonyeza tofali kwa kidole gumba, na kidole kikazama. Upande uliopigwa na mvua ulikuwa umeliwa, tope jekundu limerundikana chini. Nilivunja tofali jingine, la ukuta wa ndani ambao haukuliwa. Lilijaa matundu madogo kama mkate. Nikalinusa. Lilinukia sabuni.

Nilimuuliza dada maji ya kuchanganyia yalitoka wapi. Akaeleza bila kuficha, kwa kuwa hakuona cha kuficha. Maji ya visima vya mvua vya majumbani yalikuwa yamefika chini, na bei ya ndoo ya kununua ilikuwa haishikiki. Basi majirani walimchangia. Kila mwanamke aliyefua alimletea maji yake, wengine kutoka mbali, ndoo kichwani, na fundi akayapima kwa kopo kama nilivyoagiza.

"Uliandika lita," alisema dada. "Hukuandika ya namna gani. Na huku kwetu nani anamwaga maji?"

Mimi pia nimezaliwa kwenye uwanda huu wa juu usio na mto. Mama yetu alituogeshea maji yaliyooshewa mihogo, kisha akamwagilia mche wa mpapai kwa hayohayo. Programu ilitoa kiasi cha maji, nikaandika kiasi. Sabuni huacha povu ndani ya mchanganyiko, na penye povu saruji haishiki.

Fundi alikuwa amekaa juu ya mashine yake, anatafuna muhogo mbichi. "Simu yako inahesabu vizuri, mkubwa," alisema. "Ila kunusa hainusi."

Dada alicheka kidogo.

Niliketi kwenye msingi, nikafungua programu nikaanza kutafuta njia. Nilijaribu lipu nzito, nikajaribu kupunguza vyumba viwe kimoja, nikajaribu kufyatua upya nusu tu ya matofali. Kila hesabu ilidai saruji ambayo hatukuwa na fedha ya kuinunua na maji safi ambayo hayakuwapo. Mfuko wangu mwenyewe ulikuwa na nauli. Upande wa mashariki wingu lilikuwa limeshuka. Dada alisimama nyuma yangu muda wote, na kila nilipofuta namba alivuta pumzi.

"Niambie tu," alisema mwishowe. "Watoto watalala humo au hawatalala?"

Nikamwambia hawatalala. Ukuta wa hivyo, mvua ikishika, utawaangukia.

Mchana ule tuliubomoa, mimi na fundi, kwa mikono, haukuhitaji nyundo. Mabati yaliyonunuliwa kwa ajili ya nyumba tuliyapigilia juu ya banda la jiko, na yaliyozidi tukayaegemeza ukutani mwake. Dada aliingiza mikeka, akawaita wajukuu, akafunga mlango. Mvua ilianza kabla sijafika Newala mjini kutafuta usafiri.

Nilipiga hesabu nikiwa nimejibanza barazani mwa duka: saruji, ufyatuaji, kukodi mashine, kusomba udongo. Palipoandikwa bei ya maji programu ilionyesha sifuri. Jumla iliyopotea ilikuwa shilingi laki sita na elfu tisini.