Picha Yangu Mfukoni mwa Mjomba

Posa yangu ilikuwa na siku nne tu tangu ipelekwe Amani, kwa wazazi wa binti niliyemtaka, nami nikaenda kuonja mvinyo. Naandika hivyo moja kwa moja kwa sababu kila nikianza kuzunguka huishia kujitetea.

Kwetu, wazee wa mwanamume hupeleka barua kwa kina binti, na ndani ya bahasha hutiwa picha ndogo ya mposaji. Kisha kimya. Katika kimya hicho upande wa binti humtoa mtu wao mmoja, mara nyingi mjomba, akaulize. Huenda msikitini, dukani, kwa majirani. Anaswali? Ana kazi? Anakunywa? Mimi niliyebishana na kila mhadhiri chuoni niliuona utaratibu huu kuwa upuuzi. Muuza mkate anajua nini juu yangu? Nilimwambia hivyo binti mwenyewe, kwa kuwa tulisoma pamoja. Akanijibu, "Basi wamuulize nani? Wewe?"

Nilikuwa na hofu tu. Nilimtaka yule binti, na ndiyo au hapana yake ilikuwa mikononi mwa mtu nisiyemjua.

Rafiki yangu wa chuo, Mkristo kutoka Dar, alivuka kwa boti kuja kunitembelea siku mbili. Alikuwa amesikia habari za baa ndogo ya mvinyo Mji Mkongwe, wanapokuonjesha glasi tatu tatu pamoja na visahani vya vitafunio. Nilipositasita akaniuliza, "Unaogopa?" Nikasema siogopi. Tukaenda baada ya Alasiri, jua bado kali, na mimi niliyesema siogopi nikatupitisha vichochoro vya nyuma ili tusikutane na baraza lolote lenye wazee.

Mlango haukuwa na kibao. Ngazi za mbao zilipanda mpaka chumba cha juu chenye meza sita, na wageni wawili wa Kizungu wamekaa pembeni. Nilikaa nimelipa dirisha mgongo. Tuliletewa pweza wa ndimu, vipande vya jibini, korosho na embe kavu, kila kitu kidogo kama cha kuchezea. Katikati ya meza kulikuwa na kibakuli cha kutemea, kwa anayeonja mvinyo bila kuumeza. Kila niliposikia hatua ngazini nilishusha uso kwenye kisahani.

Aliyetumiminia alikuwa mtu mzima, shati jeupe na aproni nyeusi, ndevu zake zina doa jeupe upande mmoja wa kidevu.

"Huu wa Dodoma," alisema. "Nusa kwanza. Utapata zambarau, halafu karafuu mbichi, mwisho ngozi ya kiatu kipya."

"Nani kathibitisha?" niliuliza.

"Pua yako. Mimi usiniamini."

Jibu lile lilinipendeza. Alipogeuka kuwahudumia wale wageni nikanusa, na karafuu kweli ilikuwamo. Nikanywa funda moja, nikalimeza.

"Sura umeikunja kama aliyepewa shubiri," rafiki yangu akasema. Yule bwana aliporudi, rafiki yangu akamuuliza, "Na wewe mwenyewe unaupenda upi?"

"Mimi sionji. Nnanusa tu. Babu yangu alikuwa akichambua karafuu kwa pua, akijua gunia lipi limenyeshewa na mvua. Mashamba sikuyarithi. Nimerithi pua."

Hapo ndipo lile doa la ndevuni lilipopata mahali pake. Nilikuwa nimeliona katika picha ya mahafali ya yule binti. Mtu huyu alisimama nyuma yake na kanzu yake iliyopigwa pasi vizuri. "Mjomba wangu," binti aliniambia aliponionyesha. "Karani wa bandarini, Malindi."

Ningenyamaza tu, yangekwisha. Hakunijua. Nilikuwa mteja kama wateja wengine. Lakini mwili wangu ulifundwa zamani kabla akili yangu haijasoma chochote. Nilisimama wima, glasi mkononi, nikasema, "Shikamoo."

Hakuna mteja anayesimama kumwamkia anayemmiminia mvinyo.

"Marahaba," akajibu, naye mdomo wake ukitangulia akili. Kisha akaniangalia. Alianza na paji la uso, akashuka kwenye masikio, akaishia kwenye kovu la kidevuni. Mkono wake ukapanda mpaka mfuko wa shati, ukagusa kitu, ukateremka. Nilijua kilichomo: ile picha ya kwenye bahasha.

"Niwaletee visahani vyengine?" alimuuliza rafiki yangu. Mimi hakunitazama tena.

Siku zilizofuata sikula vizuri. Nilijaribu kujituliza kwa hoja, kama nilivyozoea. Na yeye ana siri, nilijiambia, kwa hiyo tumefungana. Lakini hoja ile ile niliigeuza usiku na mchana mpaka ikanigeukia. Mtu mwenye siri hamtaki anayeijua awe mkwe wa nyumba. Angeweza kusema neno moja tu, kwamba kijana hafai, nami nisingekanyaga tena Amani. Siri yake ingesalimika. Ningekuwa yeye, pengine ningefanya hivyo.

Ijumaa yule mjomba akaja kwetu Bububu. Nilitoka msikitini nikamkuta barazani kavaa kanzu na kofia, anacheka na wazee wa mtaa wetu. Aliponiona akainuka.

"Kijana, nisindikize barabarani."

Tulitembea mpaka sauti za wazee zikapotea.

"Nshauliza," alisema. "Wanasema unaswali, na kazi unayo. Ila unabisha sana darsani. Mzee mmoja kanambia ulimuuliza swali, siku mbili hakulala."

"Samahani, mjomba."

"Usiniite mjomba bado."

Akasimama chini ya kivuli cha ukuta, akavua kofia, akajifuta jasho.

"Limebaki moja. Siku ile, ulimeza au ulitema?"

Alikuwa ametupa mgongo wakati ule. Hakuona. Nilikuwa na jibu jepesi mdomoni, na nilihisi yule binti yuko upande wa pili wa jibu hilo. Lakini je, ndoa niianze kwa uongo niliomwambia mjomba wake nikitoka kuswali?

"Nilimeza. Funda moja."

Akayatazama magari matatu yakipita.

"Uliupenda?"

"Niliogopa sana, hata ladha sikuisikia."

Akacheka kwa pua, bila furaha. "Mimi mwaka wa tisa namimina, sijameza hata tone. Na dada yangu anajua naandika makontena Malindi. Sasa nani kati yetu wa kuulizwa?" Gari la mjini likasimama, akapanda. Sikujua amekusudia kusema nini akifika.

Jumapili jibu lilikuja kwa wazee wangu: wameridhia. Jioni binti akanipigia.

"Mjomba kasema wewe ukiulizwa unasema kweli. Alikuuliza nini?"

Nikamwambia nusu yangu, kwamba nilionja mvinyo na nilimeza. Wapi, na nani alimimina, sikusema. Alikata simu, akakaa siku tatu. Ya nne akapiga.

"Nimekubali," alisema. "Lakini hujanambia yote."

"Kweli."

"Kwa nini?"

"Yaliyobaki si yangu."

Huu ni mwaka wetu wa pili wa ndoa. Kila Idi mjomba huja kwetu na dada yake, ambaye sasa ni mama mkwe wangu. Mke wangu humpa juisi ya ukwaju, na kila mara mjomba huizungusha glasi taratibu, akaingiza pua, akafumba macho, ndipo akanywa. Hajui kama anafanya hivyo. Mama mkwe huendelea na mazungumzo yake. Mke wangu humwangalia mjomba, kisha huniangalia mimi, nami huangalia sahani yangu.

Idi iliyopita mke wangu alinifuata jikoni.

"Ule mtindo wa kunusa," aliuliza polepole, "bandarini wanafundishwa?"

Mimi ninayeuliza kila kitu nilifungua bomba, nikaanza kuosha glasi ambazo zilikwisha kuoshwa. Sebuleni mama mkwe alikuwa akimuuliza kaka yake habari za makontena, naye alikuwa akimjibu.