Patron na Bashi ya Chini ya Kitanda

Bibiane alikuwa mtu wa kukalia ukingo wa kiti. Ukimkuta barazani anashona sare za shule, mguu mmoja uko kwenye cherehani, mwingine umeshaelekea mlangoni. Pikipiki ikipita kwa kasi, sindano inasimama. Ikipotea, sindano inaendelea. Ndivyo alivyokuwa tangu yeye na binti yake Gracia wakimbie vita kwao Nizi, wakaja kuishi kambini pembeni ya Bunia, chini ya bashi, yale maturubai meupe ya msaada. Sasa alikuwa amepanga chumba katika parsele, yaani kiwanja, ya Mama Musoki, mfanyabiashara wa kutoka Butembo, lakini bashi yake alihama nayo. Ilikaa chini ya kitanda, imekunjwa na kufungwa kamba, tayari kubebwa. Hata sufuria hakuzipanga. Zilikaa ndani ya gunia.

Na juu ya wasiwasi wote huo, akajiongezea mbwa!

Mbwa mwenyewe alizaliwa kambini, akatoka huko amefungwa kitenge mgongoni mwa Gracia. Walimwita Patron, yaani bosi, kwa sababu alitaka kula kabla ya kila mtu. Bibiane hakuwa mpenda mbwa, lakini siku ya kukimbia Nizi, Gracia aliacha mtoto wa mbuzi amefungwa kwenye kigingi, na mpaka leo aliuliza kama kuna mtu aliyemfungua. Basi mama yake akamwapia: huyu hatutamwacha. Neno lilishatoka, lingerudishwaje?

Lakini Patron alikuwa mkojozi, tena wa kuchagua. Kila asubuhi Bibiane alimzungusha kwenye majani nyuma ya choo, akambembeleza, akamwombea, na yeye akasimama tu analialia, miguu inatetemeka. Akirudishwa chumbani, moja kwa moja chini ya kitanda, anakojolea bashi. Bibiane aliosha kwa sabuni, akaosha kwa majivu. Jirani mmoja akamshauri amsugue pua pale pale, akamsugua. Mwingine akasema fimbo, akampiga kwa ufagio. Patron aliomba msamaha kwa mkia, kesho yake akarudia. Ikafika hatua hata wateja waliokuja kupima sare walikunja pua, na Bibiane akawa anashona huku amekasirika, akikosea mikono ya mashati na kufumua upya.

Halafu akaharibu kabisa. Mama Musoki alikuwa ametandaza bashi yake uani, amelundika juu muhogo wa kukaushwa, mweupe, wa kupeleka sokoni. Patron alipanda katikati, akachuchumaa mbele ya watu wote bila haya.

Mama Musoki hakupiga kelele. Aliokota vipande vilivyolowa, akavitupa, ndipo akaja barazani. "Mama Gracia, weye na mutoto mukae. Siye hatuna neno. Lakini huyu mbwa akirudilia, ataenda na lori yangu ya Mahagi. Kule iko watu wanamutaka."

Gracia alisikia. Hakulia, na hilo ndilo lililomtesa mama yake. Alimfunga tu Patron mgongoni kwa kitenge, akashinda naye hivyo hivyo, anafagia naye, anaosha vyombo naye.

Jibu lilikuja na mvua. Dereva mmoja wa pikipiki alifuata sare ya mtoto wake, akavua plastiki aliyojifunika, akaitupa kwenye majani. Patron, aliyekuwa amezungushwa pale pale asubuhi nzima bila kutoa hata tone, alijichomoa mikononi mwa Gracia, akaikimbilia ile plastiki, akakojoa mpaka akafumba macho.

Bibiane alishika mdomo. Maskini, huyu hakuwa na ujeuri wowote. Tangu afumbue macho mpaka wanahama kambini, alikuwa hajawahi kukanyaga kitu kingine zaidi ya bashi. Kwake yeye, chini ni bashi, na mahali pengine popote ni pa watu. Na alipigwa kwa hilo! Bibiane aliona aibu mbele ya mbwa.

Akaitoa bashi yake, akaitandaza nzima nyuma ya choo. Mama Musoki akapita, akaitazama. "Kunja," alisema. "Hapa si kambi."

Lile neno lilimchoma. Alirudi na bashi barazani, akaipakata, akakaa. Mkasi ulikuwa mbele yake. Kipande kidogo tu kingetosha, lakini bashi iliyokatwa haizuii mvua, na juma lile watu wa upande wa Bambu walikuwa wameanza tena kuingia mjini na magodoro vichwani. Aliushika mkasi, akauweka. Akaushika tena.

"Mama, tukikimbia tena, tutalala chini ya nini?" Gracia aliuliza.

"Sijui, mama," alisema Bibiane, akakata.

Kipande cha kwanza, alichokitandaza kwenye majani, kilikuwa na upana wa kitenge, na Patron alikielewa mara moja. Cha pili kilichukuliwa na upepo, akakifuata mpaka kwa jirani, ikawa kesi. Cha tatu alikitafuna. Bibiane alikata kingine, na kingine, kila kimoja kidogo kuliko kilichotangulia, huku akimtukana mbwa na kujitukana mwenyewe, mpaka chini ya kitanda pakabaki kamba peke yake.

Ndipo siku moja pikipiki zikaja kwa wingi, honi mfululizo, makelele, vumbi. Bibiane aliangusha sindano, akaingia ndani mbio, akanyoosha mkono chini ya kitanda. Akashika kamba. Akabaki amepiga magoti, ameishikilia, kabla ya kukumbuka kumwita mtoto.

Walipotoka nje wameshikana, barabara nzima ilikuwa inacheka. Matokeo ya mtihani wa dola, ule wa kumaliza sekondari, yalikuwa yametoka, na Élisée wa nyumba ya pili, aliyefaulu, alikuwa amebebwa juu, mweupe kichwa kizima kwa poda waliyommwagia kumpongeza.

"Mama Gracia," aliita Mama Musoki kutoka uani. "Angalia mutoto yako."

Patron alikuwa nyuma ya choo, katikati ya majani yenyewe, bila kipande chochote chini yake, amechuchumaa kwa utulivu kama mwenye parsele. Gracia alipiga makofi. Bibiane alicheka, kisha machozi yakamtoka, akayapangusa na nguo ya mteja.

Aliingia ndani, akamwaga gunia la sufuria sakafuni, akatoka tena kumwomba Mama Musoki misumari ya kuzitundikia.